Umeme, Soko na Maneno: Historia ya Istilahi za Nishati katika Mwambao wa Kigoma na Ujiji

Utangulizi

Mara nyingi sisi tunaoshughulika na istilahi hulaumiwa kwamba twaunda maneno mezani, mbali na watu watakaoyatumia. Lawama hiyo ina ukweli wake. Katika makala haya tumekusudia kufuata njia nyingine: kutazama mahali pamoja, yaani Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kueleza jinsi mwanga na nguvu za umeme zilivyofika huko, zilivyolipiwa, na maneno yaliyozaliwa au kuazimwa njiani. Tumechagua Kigoma kwa sababu mkoa huo ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na kwa hiyo mambo ya uchumi wa umeme ambayo kwingine hufichika ndani ya ankara, huko yalionekana waziwazi.

Shabaha yetu si historia peke yake. Mfasiri anayetafsiri mkataba wa kuuziana umeme, mwalimu anayefundisha maana ya nishati jadidifu, na ofisa anayesimama mbele ya wanakijiji kuwaeleza kwa nini mto wao utazuiwa, wote watatu hutegemea maneno. Neno likipotosha, mtu mwingine ndiye atakayelipa gharama ya upotofu huo.

Moto wa ziwani

Kabla ya nguzo na nyaya, mwanga ulikwisha kuwa na soko lake Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Hapo zamani wavuvi walitumia mienge ya kuni na majani makavu iliyowashwa chomboni. Baadaye zikaja taa za mafuta ya taa zenye pampu, ambazo watu waliziita karabai. Sisi twalihusisha jina hilo na kabaidi, yaani lile jiwe litoalo gesi ya kuwaka likitiwa maji, ambalo lilitumika katika taa za zamani. Ikiwa ndivyo, basi taa za kabaidi ziliondoka lakini jina likabaki, likahamia kwenye taa ya mafuta. Siku hizi wavuvi wengi wamechukua taa ndogo za betri, nyingine zikijazwa kwa paneli za jua.

Mwanga huo ulikuwa gharama ya kazi kama nyavu na makasia. Mwenye chombo alipiga hesabu ya mafuta ya taa atakayochoma usiku mmoja, akaipambanisha na bei ya dagaa asubuhi. Tena kulikuwa na majira yake: mbalamwezi inapokuwa kamili, taa haivuti samaki, na vyombo hupumzika siku kadhaa. Tunamwomba msomaji ayakumbuke mambo mawili, hesabu ya mafuta na mapumziko ya mbalamwezi, kwa sababu tutayarudia.

Kutoka radi hadi luku

Neno umeme, kwa asili, ni jina la ule mmweko unaotangulia ngurumo ya radi, na twaliona lina undugu na kumeta na kumeremeta. Kulichukua neno la mbinguni na kuliweka kwenye waya kulikuwa uamuzi mwema, maana halikuhitaji kuelezwa. Jirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine, wakasema stima. Neno hilo hapo awali lilikuwa jina la meli iendeshwayo kwa mvuke, nalo Ziwa Tanganyika lilikuwa na mfano wake maarufu: meli iliyoitwa Graf von Goetzen, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Kwa hiyo neno stima limesafiri kutoka kwenye mvuke hadi kwenye waya, ilhali meli yenyewe ilitoka kwenye mvuke ikaingia kwenye dizeli.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ama kuhusu umeme wa kuuzwa kwa umma, mwaka 1931 ziliundwa kampuni mbili katika Tanganyika, moja ya Dar es Salaam na wilaya yake na nyingine ya sehemu nyinginezo. Mwaka 1964 serikali ilizinunua hisa, kampuni hizo zikaunganishwa, na hatimaye likawa shirika la umma tunalolijua kwa jina la TANESCO.

Katika miaka ya 1990 shirika hilo lilianza kuweka mita za malipo ya kabla, zikaitwa LUKU, kwa kifupi cha Lipia Umeme Kadiri Utumiavyo. Huo ni mfano wa istilahi iliyofaulu kuliko matarajio ya waliyoiunda. Leo mtu hununua luku na luku humwishia. Kifupi kimegeuka nomino ya kawaida yenye maana ya umeme wenyewe, na kipimo chake ni uniti. Neno kilowati-saa, ambalo ndilo jina rasmi la uniti hiyo, limebaki katika vitabu vya shule. Hatuoni haya kukiri kwamba hapo mitaa imetushinda.

Kisiwa cha dizeli

Wakati mikoa mingine ilipounganishwa na mitambo ya maji ya Hale, Kidatu na Mtera, Kigoma ilibaki kisiwa. Mji ulipata umeme wake kwa majenereta ya dizeli, na mafuta yalisafiri kutoka pwani umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Reli ikikatika, kama ilivyokatika kati ya Kilosa na Gulwe kwa mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, kila kitu kilichoitegemea kilibidi kutafutiwa njia nyingine.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Dagaa wa Kigoma ni rahisi Katonga na Kibirizi, na ni ghali Dar es Salaam, kwa sababu ya safari. Umeme wa dizeli ulikuwa kinyume chake: ulikuwa ghali Kigoma kwa sababu ya safari ya mafuta. Lakini mteja wa Kigoma hakulipa gharama hiyo. Bei za TANESCO kwa kundi moja la wateja zimekuwa zilezile nchi nzima, basi mkazi wa Ujiji alinunua uniti kwa bei ya mkazi wa Ilala, na tofauti ikabebwa na shirika, yaani na wateja wengine wote pamoja na hazina ya taifa. Twaweza kuuita utaratibu huu ruzuku fiche. Tunalipendekeza neno fiche kwa makusudi, maana ruzuku ya kawaida huandikwa katika bajeti na kujadiliwa, lakini hii haina fungu wala ankara. Ni ya haki, kwa maoni yetu, kwa sababu mtu hakuchagua kuzaliwa mbali na gridi. Hata hivyo ilikuwa na madhara: kila mteja mpya aliyeunganishwa Kigoma alimwongezea muuzaji hasara, na muuzaji wa namna hiyo hana haraka ya kuunganisha wateja.

Kuanzia mwaka 2009 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, iliweka bei za kununulia umeme kwa wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10. Bei hizo zilikuwa mbili: ya wanaouza katika gridi kuu na ya wanaouza katika gridi ndogo zilizojitenga, kama Kigoma. Mwaka 2012 bei ya gridi kuu ilikuwa takriban shilingi 152 kwa uniti, na ya gridi ndogo ilikuwa zaidi ya shilingi 480. Msomaji asiyejua msingi wake atadhani kuna upendeleo. Msingi wake ni kanuni ambayo wataalamu huieleza kwa kuuliza: kama shirika lisingenunua uniti hii, lingetumia shilingi ngapi kuizalisha lenyewe? Katika gridi kuu lingechanganya maji, gesi na mafuta. Katika Kigoma lingechoma dizeli. Kwa hiyo yeyote aliyeleta uniti moja ya jua Kigoma alikuwa ameliokoa shirika gharama ya dizeli.

Tumeona tafsiri mbalimbali za kanuni hii: gharama zilizozuiwa, gharama mbadala, gharama okoleo. Sisi twapendekeza gharama iliyoepukwa. Kuzuiwa kwaashiria mtu aliyekataza. Mbadala kwaashiria kitu kilichochukua nafasi ya kingine. Kuepuka ndiko hasa kunakofanyika: njia ipo, gharama yake yajulikana, nasi twaikwepa. Mvuvi aliyeacha karabai akachukua taa ya betri hahitaji somo la uchumi ili aelewe. Faida yake ni yale mafuta ya taa aliyoyaepuka, na kadiri mafuta yalivyokuwa ghali ndivyo taa mpya ilivyokuwa na thamani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya NextGen Solawazi ilitia saini mkataba wa kuiuzia TANESCO umeme wa jua wa megawati 5 mjini Kigoma. Haikuwa bahati nasibu kwamba mwekezaji wa jua aliutazama mji ule. Bei ya dizeli ndiyo iliyomwita. Mwaka 2015 utaratibu ulibadilishwa: bei za umeme wa maji na wa tungamotaka zikapangwa kwa kufuata gharama za teknolojia yenyewe, na jua na upepo vikaachiwa ushindani wa zabuni.

Tozo ya utayari

Dagaa wakizidi, huanikwa mchangani, wakakauka na kungojea mnunuzi. Umeme hauanikwi. Pasipo betri kubwa au bwawa, uniti inayozalishwa sharti itumike papo hapo, na uniti inayotakiwa sharti izalishwe papo hapo. Kwa sababu hii soko la umeme huuza vitu viwili ambavyo soko la Ujiji huuza kwa bei moja: bidhaa yenyewe, na ahadi ya kuwapo kwa bidhaa saa yoyote itakapotakiwa.

Ahadi hiyo ndiyo iliyozua mabishano makubwa nchini. Mwaka 1995 serikali na TANESCO ziliingia katika mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa mtambo wa dizeli wa megawati 100 huko Tegeta, nao ulianza kuzalisha mwaka 2002. Chini ya mikataba ya namna hiyo mnunuzi hulipa kila mwezi fedha za mtambo kuwapo tayari, hata usipowashwa. Wananchi walipoambiwa habari za malipo ya uwezo, waliuliza swali la haki: uwezo gani, ilhali mtambo umezimwa na sisi tuko gizani? Neno lilikuwa tafsiri sahihi ya kamusi, lakini halikumweleza mtu kitu.

Turudi sasa kwenye mbalamwezi. Chombo kikiwa ufukoni usiku wa mbalamwezi, hakivui, lakini mwenyewe huendelea kukitunza na mabaharia wake huendelea kula. Anayetaka chombo kile kiwe tayari giza likirudi, lazima mtu fulani agharimie siku za kupumzika. Ndiyo maana twapendekeza tozo ya utayari badala ya malipo ya uwezo. Istilahi hii haiamui kama mkataba fulani ulikuwa mwema au mbaya. Inamwezesha mwananchi kuuliza swali lililo sawa: je, utayari huu tunauhitaji, na je, bei yake ni halali? Bunge na magazeti yangalikuwa na mjadala ulio wazi zaidi kama swali hilo lingaliwezekana kuulizwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Igamba: neno safi lapimwa

Mto Malagarasi ndio mkubwa kupita yote iingiayo ziwani kutoka upande wa Tanzania, na maporomoko yake ya Igamba yametamaniwa kwa muda mrefu na wahandisi. Mwaka 2008 Tanzania na shirika la Millennium Challenge Corporation la Marekani zilitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na ndani yake mlikuwamo mradi wa kuzalisha megawati 8 kwa maji ya Malagarasi. Kwa mji uliochoma dizeli, mradi huo ulionekana jawabu lisilo na kasoro.

Uchunguzi wa mazingira ulionyesha vingine. Katika maporomoko hayo mlikutwa viumbe wa majini walio adimu, ambao wataalamu walihofia wangetoweka. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Nchi ilikwisha kuona mfano wa Kihansi, ambako mtambo wa megawati 180 uliyaondoa manyunyu ya maporomoko, na chura mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996, asiyepatikana popote pengine duniani, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili. Mradi wa Malagarasi ukaondolewa katika mkataba. Badala yake ukawekwa mradi wa umeme wa jua mkoani Kigoma kwa shule za sekondari 45, vituo vya afya 10 na zahanati 120, pamoja na masoko ya vijijini.

Tukio hili latulazimisha kuyapima maneno matatu ambayo hutumika kana kwamba ni mamoja: nishati mbadala, nishati jadidifu na nishati safi.

Nishati mbadala ni neno la ulinganisho. Halina maana mpaka tujue ni mbadala wa nini. Nchini mwetu, ambako kwa miaka mingi maji yalikuwa chanzo kikuu cha gridi, kuuita umeme wa maji mbadala ni kugeuza mambo juu chini. Lakini Kigoma, mahali pa dizeli, jina hilo lingefaa. Neno linalobadilika maana kwa kuvuka mpaka wa mkoa halifai kuwekwa katika sheria.

Nishati jadidifu ni neno la chanzo. Laeleza kwamba jua, upepo na maji hujirudia kwa nguvu za maumbile. Ni neno gumu kidogo masikioni, tena limetoka Kiarabu, lakini lasema jambo moja na halitii chumvi. Tunashauri lishikwe.

Nishati safi ni neno la sifa, na sifa huhitaji shahidi. Umeme wa maji hautoi moshi, na kwa upande huo ni safi kuliko dizeli. Lakini Igamba yatufundisha kwamba chanzo kinaweza kuwa jadidifu na kisicho na moshi, na bado kikadai gharama kwa viumbe wa mtoni. Neno hili limezidi kutumika tangu mwaka 2024, serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Humo lina maana mahususi, hasa ya kuepusha moshi jikoni na ukataji wa miti, na maana hiyo yafaa. Mfasiri ajihadhari tu asiihamishe katika habari za mabwawa, ambako safi hugeuka hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Gridi yafika

Habari za Malagarasi hazikuishia hapo. Mwezi Novemba 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mikopo ya dola milioni 140 kwa mradi mwingine wa mto huohuo, wa megawati 49.5. Kwa makisio ya benki hiyo, uniti iliyogharimu takriban senti 33 za dola kwa dizeli ingegharimu yapata senti 4 kwa maji, yaani chini ya sehemu moja kwa nane. Mwezi Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani Kigoma, alizindua umeme wa gridi kutoka upande wa Nyakanazi na kuzima majenereta ya dizeli. Njia kubwa ya kilovolti 400, yenye urefu wa takriban kilomita 280 kati ya Nyakanazi na Kigoma, ilipangwa kuwa mshipa mkuu.

Kwa mkazi wa Mwanga au Ujiji, habari hii ni ya taa isiyokatika ovyo. Kwa mtu wa hesabu, kuna jambo la pili. Siku gridi ilipoingia, gharama iliyoepukwa ya Kigoma ilishuka. Uniti ya jua ambayo jana iliokoa dizeli, leo yaokoa maji ya Rufiji au gesi ya Mtwara, na thamani yake sokoni si ileile ingawa jua ni lilelile. Ndiyo sababu mikataba ya gridi ndogo hupaswa kueleza kwa lugha iliyo dhahiri ni bei gani itakayotumika gridi kuu itakapofika. Kifungu hicho kikitafsiriwa vibaya, mwekezaji mdogo wa kijijini anaweza kuamka akakuta ametia saini asichokielewa.

Neno gridi lenyewe ni la kuazimwa, na wapo waliopendekeza mtandao au wavu wa umeme. Tuliupenda wavu, kwa kuwa wavuvi wangeuelewa, lakini gridi ya taifa imekwisha kukaa vinywani mwa watu, na kazi yetu si kuwapokonya watu maneno yaliyowafaa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi za soko la umeme zaweza kupatikana katika maisha ya watu: katika hesabu ya mafuta ya taa, katika dagaa wanaoanikwa, na katika usiku wa mbalamwezi. Kwa kifupi twapendekeza gharama iliyoepukwa, tozo ya utayari na ruzuku fiche. Twashauri nishati jadidifu ishikwe kwa vyanzo, na nishati safi ibakizwe mahali ambapo usafi umekwisha kuthibitishwa.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, hasa mbele ya wale ambao bei na mabwawa huwagusa, kisha watuandikie. Neno litakalokataliwa na watu wa Katonga tutalifuta bila kinyongo, na watakalotupa badala yake tutaliandika.